Nilimnyima Mtoto Hata Maji

Akina mama wenzangu, mnanijua pale sokoni Lubao nikiuza kuku: mdomo wangu hauchoki. Leo naomba mnisikilize, na msinicheke kabla sijamaliza.

Mwaka jana kitinda mimba wangu, msichana wa miaka minne, alipangiwa upasuaji wa uvimbe kwenye kinena. Sisi hapa tukiwa na jambo zito tunafunganga na kuomba, si ndiyo? Nikafunga. Halafu nikajiambia, mbona mwenye shida asifunge? Nesi alikuwa amenieleza wazi: chakula kiishie usiku, lakini maji anywe mpaka saa kumi na mbili asubuhi. Mimi nikamnyima vyote tangu mchana wa jana yake. Akalilia maji, nikamwimbia pambio.

Kulipokucha, kule hospitalini, mama wa dawa ya usingizi akaniuliza, "Amekunywa maji saa ngapi?"

Ndugu zangu, nawaambia, nilidanganya. "Saa kumi na mbili," nikasema. Niliogopa kuonekana mjinga.

Mtoto akaingizwa chumba cha upasuaji, nami nikakaa nje kwenye benchi na mama mkwe. Kidogo tu nesi akatoka, ametumwa.

"Mama, presha ya mtoto imeshuka, na hajapasuliwa bado. Hiyo hewa ya usingizi anayovuta inalegeza mishipa ya damu na kupunguza nguvu ya moyo. Mtoto mwenye maji mwilini anastahimili. Huyu anaonekana mkavu. Hatukugombezi, sema tu."

Mama mkwe akanishika mkono. "Mwanangu, sema."

"Hajatia kitu mdomoni tangu jana mchana. Hata maji."

Nesi akarudi ndani mbio. Wakapunguza ile hewa, wakamwongezea maji kwa mshipa, presha ikapanda, upasuaji ukaendelea. Nilikuja kuambiwa hayo baadaye.

Alipoamka aliniuliza, "Mama, sasa nimeruhusiwa maji?" Nililia sana.

Namshukuru Mungu, na yule mama wa dawa ya usingizi, na mama mkwe ambaye hajawahi kunisimanga. Mungu hakunituma nimkaushe mtoto. Ukiulizwa hospitalini, sema ukweli, hata kama unakuaibisha.

Mwenzetu mmoja hapa anampeleka wake kupasuliwa kesho kutwa. Tutafunga sisi wakubwa. Mtoto atakunywa kama alivyoagizwa, na kabla ya saa kumi na mbili mimi mwenyewe nitakuwa mlangoni kwake na kikombe.