Kipa Aliyegonga Nguzo

Mji wa Dumyat, unaowatengenezea maharusi wa Misri nzima viti vya dhahabu, una benchi moja lenye miguu mitatu na tofali. Liko nje ya karakana ya Haji Msumari, na wanaolikalia ni mafundi watupu. Hakuna aliyewahi kulitia mguu wa nne. Alhamisi hiyo, baada ya alasiri, Kapteni Fikri alikaa upande wa tofali, mikono bado inanuka vanishi. Mchana Fikri hupaka rangi makabati, jioni ni kocha wa watoto wa mtaa. Halipwi, na kombe hajawahi kulishika. Kesho yake ilikuwa fainali dhidi ya watoto wa stesheni. Na jana, kwenye nusu fainali, kipa wake wa miaka kumi na mmoja, wanayemwita Ukuta, aliruka kuufuata mpira akajibamiza kichwa kwenye nguzo ya goli. Akazimia, akanusishwa kitunguu, akaamka, akarudishwa golini, akapangua penalti. Mtaa mzima ulishangilia. Fikri alikuwa hajapata usingizi tangu hapo, na alikuja kijiweni kutafuta mtu wa kumwambia kwamba mtoto ni mzima. Kijiwe hakikumwangusha.

— Mzima wa afya! — alisema Haji Msumari, akipuliza kahawa. — Kichwa ni mbao, Kapteni. Mbao isiyoonja nyundo haiwi kiti.

— Haji, mtoto alilala chini, macho meupe.

— Akaamka, hakuamka?

— Kwa kitunguu.

— Basi kitunguu kishasema! Unataka fatwa gani nyingine?

Redio, kinyozi wa duka la pili, ambaye hanyamazi hata wembe ukiwa kooni mwa mtu, alikuwa akisubiri zamu yake kwa taabu.

— Wahenga walishamaliza hii kesi, bwana. Ajali haina kinga. Sasa kama haina kinga, kujikinga ni kwa nini? Si kupoteza muda?

— Wahenga haohao wamesema asiyesikia la mkuu huvunjika guu, — Fikri alisema.

— Guu, Kapteni! Guu! Kichwa wamekitaja wapi?

Fikri alicheka, na kicheko kikampa nguvu ya kulitoa lililomkaba tangu jana.

— Ila alitapika.

Haji aliacha kupuliza kahawa.

— Alikula nini? — Redio aliuliza.

— Maharage. Ya mkokoteni wa pale msikitini.

— Aaa, sema hivyo! Maharage ya yule bwana mimi mwenyewe nayatapika, na sijadaka mpira maisha yangu yote.

Wakacheka wote, wakashusha pumzi. Hapo ndipo Profesa alipoinua kidole. Profesa hushona makochi. Cheo hicho alikipata siku aliyonunua miwani.

— Kagonga upande gani?

— Kulia.

— Tatizo liko hapo. Ubongo umesogea kushoto. Meza ikiyumba unafanyaje? Unaisawazisha. Mgonge kidogo upande wa pili, urudi mahali pake.

— Nimgonge mtoto wa watu?

— Kwa adabu, Kapteni. Kwa nyundo ya mpira.

— La haula! — alisema Haji. — Huyu mtu watoto wake wanaishi vipi?

— Msiuguse ubongo! — Redio alipiga kelele. — Mjomba wangu, Mungu amrehemu, hakujua kusoma hata jina lake. Akaangukiwa na mlango wa kabati. Alipozinduka, akawa anasoma.

— Anasoma nini?

— Vikombe. Ukishamaliza kahawa, anaangalia mashapo, anakwambia kesho nani anafunga, dakika gani. Sasa nyie fikirini: kipa anayeuona mpira kabla haujapigwa! Halafu mnataka kumweka nje?

Fikri hakutaka kumweka nje. Hilo ndilo lililokuwa likimtafuna. Kipa wake wa akiba alikuwa mtoto mwenye heshima zote, ila mpira ukija hufumba macho.

— Au tumfunge bandeji nene, — alijaribu.

— Kichwa cha kuku hakistahimili kilemba, — Haji akamkatalia. — Shingo itamchoka.

— Nina sponji ya kochi la bibi harusi, — alisema Profesa. — Namshonea kichwa chote, na vifungo vya hariri. Nabakiza macho.

— Kwa nini usiishone nguzo? — Fikri aliuliza.

Walicheka mpaka benchi likateleza kwenye tofali.

— Nguzo zivae mito! — Redio alidakia. — Stesheni watauliza fainali ni ya mpira au ya kulala!

Fikri alicheka nao, ingawa moyoni hakuona kichekesho. Walipokuwa wanalirudisha benchi, wakamwona mwanamke amesimama mlangoni pa karakana, mfuko wa viatu vya mpira mkononi. Alikuwa Mama Ziyad, aliyehamia mtaani mwezi huohuo.

— Salaam aleikum. Kocha ni nani hapa?

Vidole vitatu vilimwonyesha Fikri, haraka kama walioulizwa na polisi.

— Mwanangu Ziyad anataka kuingia timu yako, kaka. Lakini nimesikia habari ya kipa. Wangu alianguka darini mwaka juzi, na daktari, kabla ya lolote, alimwuliza jina lake. Wewe ulimwuliza?

Fikri akakaa sawa. Hili alikuwa amelifanya, na akafurahi kuulizwa.

— Nilimwuliza, dada. Palepale, kitunguu bado kiko puani. Akasema anaitwa Karam. Hata hakusita.

— Alhamdulillahi. Na kweli anaitwa Karam?

Fikri akamtazama Haji. Haji akalitazama tofali.

— Sisi tunamwita Ukuta, — Fikri alisema.

— Nauliza jina alilopewa nyumbani.

— Dada, kwenye timu yetu majina ya nyumbani hayatajwi. Kuna jicho. Wapinzani wakilijua jina la mtoto wanamhusudu, anavunjika. Nimeyapiga marufuku mwenyewe, mwaka wa pili huu.

— Kwa hiyo jicho halimjui.

— Halimjui kabisa.

— Na nyinyi?

Redio alisema anamnyoa kila mwezi na anakijua kila kovu la kichwa chake. Haji alisema baba yake ni yule... yule mrefu. Profesa alivua miwani akaanza kuifuta. Fikri aliinuka bila kuaga, kahawa yake haijaguswa, akashika njia.

Alijua kichochoro cha kina Ukuta tu, mlango hakuujua. Alisimama chini ya nguo zilizoanikwa, akaangalia madirisha juu, na hakuwa na jina la kuita ila lile lililotoka kwenye kichwa kilichogongwa.

— Mama Karam! — aliita. — Mama Karam!

Paka alikimbia. Akaita tena, na kwa kweli alikuwa anaomba dua. Ghorofa ya tatu dirisha likafunguka, akachungulia mwanamke mwenye povu la sabuni mikononi.

— Naam! Nani?

Fikri alimshukuru Mungu kwa sauti, hakujali nani anasikia.

— Karam yuko wapi, mama?

— Kalala. Kichwa kinamuuma, anasema kagonga mlango shuleni. Kwani kafanya nini?

— Yeye hajafanya kitu. Ni mimi. Mwamshe, mshuke, twende hospitali sasa hivi. Njiani nitakueleza, na unitukane utakavyo.

Mama alikuwa ameshageuka ndani, akarudi dirishani.

— Na hiyo mechi yenu ya kesho? Atalia huyu.

— Alie, mama. Kesho hachezi. Atadaka kipa wa akiba, Nusu Mkate.

— Nusu Mkate ndiye mtoto wa nani?

— Huyo naye sijamwuliza bado, mama, — Fikri alisema.