Kamba ya Kutoka Mlangoni: Maisha ya Mama Dancille Mukashema (1907–1958)

Jumatano tarehe 12 Machi 1958, umande haujakauka, Mama Dancille Mukashema alitoka nyumbani kwake Ngungu akishika kamba. Ni kamba ya ng'ombe. Mume wake, Mzee Édouard Sebarenzi, ndiye aliyeifunga toka mlangoni mpaka zizini, hatua arobaini na mbili. Marehemu alinawa miguu kwa maji baridi kama kila asubuhi, akaenda hatua kumi na tisa, akapumzika, akaendelea. Zizini aliketi kwenye gogo lake, akaanza kusukasuka kibuyu cha maziwa. Jirani yake Kamaliza alipita na jembe, akamwita kwa jina la binti yake.

"Mama Athanasie, milima inacheza ao ni weye?"

"Milima njo imekunywa," alijibu. "Miye niko nangoja ilale."

Walicheka. Mzee Sebarenzi aliinamia ng'ombe, akaendelea kukamua. Hiyo ndiyo asubuhi ya mwisho iliyofanana na nyingine.

Marehemu alizaliwa mwaka 1907 papa hapa Ngungu, wakati wa kuvuna maharagwe, mtoto wa pili wa Papa Karangwa na Mama Kanyange, wakulima. Alibatizwa Bobandana siku ya Noeli 1919. Shule yake ilikuwa katekisimu tu, miaka miwili. Ilimtosha kujua kusoma. Mume wake hajui, kwa hiyo yeye ndiye aliyekuwa macho ya nyumba.

Alifunga ndoa tarehe 6 Februari 1926. Aliingia kwa wafugaji na jembe begani. Siku ya kwanza kusukasuka maziwa, alikipasua kibuyu cha mama mkwe, maziwa yakatiririka mpaka mlangoni. Akasema, "Mama, kwetu maharagwe haimwagikake hivi." Mama mkwe alicheka mpaka akakaa chini. Baadaye siagi ya Dancille ilitafutwa mpaka Shasha, kwa wavuvi. Alizaa watoto wanne, akazika wawili.

Mwaka 1946 jicho lake la kuume lilififia majuma matatu, likarudi. Mwaka 1948 mguu wa kushoto ulianza kukokoteka. Mwezi wa nane 1949, kwenye arusi ya kwa Makuza, alianguka mbele ya wageni, mtungi mkononi. Hakuwa ameonja hata tone la pombe. Watu walicheka. Njiani kurudi, mume wake alimuuliza, "Dancille, umekunywa?" Swali hilo liliingia nao nyumbani, likakaa.

Watu wa milima hii ya baridi, mguu ukilegea wanaupeleka motoni. Mzee Sebarenzi alifanya hivyo. Kila jioni, miaka miwili, alimkalisha karibu na mafiga, akamfukiza kwa majani, akampaka siagi ya moto. Alifanya kwa mikono yake, hakumwachia mtu mwingine.

"Papa, moto inanikula nguvu," marehemu alimwambia mume wake.

"Vumilia. Dawa haiko tamu."

Mwisho wa mwaka 1951 alikuwa akitambaa.

Januari 1952 mwana wao Léopold alirudi kutoka machimbo ya Walikale, akatafuta wanaume wanne, wakambeba mama yake kwa kipoyi, kiti cha kubebwa mabegani, mpaka hospitali. Daktari alimtia katika pipa la maji ya moto, akamwambia ainue mguu. Mguu ukakataa. Wakamtoa, wakammwagia maji baridi, wakangoja. Mguu ukapanda. Muuguzi akawatafsiria: ugonjwa uko kwenye mishipa ya ubongo na ya uti wa mgongo, Wazungu wanauita sclérose en plaques. Si pombe, si uchawi. Dawa ya kuuponya haijulikani. Atembee kidogo kila siku, apumzike kabla hajachoka, aliogope joto. Mzee Sebarenzi alisimama kando ya pipa lile. Aliona kwa macho yake kile alichokuwa akimfanyia mke wake kila jioni.

Waliporudi, alihamishia mafiga nje. Akaifunga kamba. Neno la kuomba msamaha hakulipata.

Miaka sita marehemu aliishi hivyo: maji baridi asubuhi, kutembea jua halijapanda, kulala saa sita za mchana, kazi ya mikono akiwa ameketi. Kuna siku mikono ilikataa kibuyu. Kuna siku mkojo ulimtoroka, akalia kwa aibu, mume akafua nguo. Mwaka 1955 macho yaliacha kusoma, na barua za Léopold zilikaa zimefungwa mpaka binti yao Athanasie aje. Hakupona. Zizini alienda.

Jioni ya Jumatano ile homa ilimshika kifuani. Homa nayo ni joto, na hakuna mafiga ya kuihamishia. Miguu ilikufa kwanza, kisha mikono. Ijumaa alitetemeka sana, Kamaliza akaja na makaa kwenye kigae. Mzee Sebarenzi alisimama mlangoni. "Moto haiingie humu," alisema. Kamaliza akayamwaga nje, akaingia, wakampepea pamoja. Mama Dancille alifariki Jumamosi tarehe 15 Machi 1958, jua likitoka.

Ameacha mume wake Édouard, watoto wake Léopold na Athanasie, wajukuu watano, dada yake Emérita, na ng'ombe kumi na mmoja waliozoea sauti yake. Mungu ampe kupumzika mahali pa baridi, pasipo na moto wala homa.

Ijumaa hiyo, ulimi wake ulipokuwa ungali unafunguka, mume wake alimwambia, "Siku ile ya kwa Makuza nilikuuliza mubaya." Mama Dancille alipumzika kwanza, kama kwenye hatua ya kumi na tisa. Kisha alijibu maneno haya, na baada yake hakusema mengine:

"Ile nilishaiachaka njiani, Papa. Lakini kamba usiifungue. Magoti yako nayo iko nazeeka."