Njumu Nilizozifukia Shambani

Bwana asifiwe, ndugu zangu! Asifiwe na nyie mlio kwenye mabenchi, asifiwe na akina mama mliosimama nje na watoto. Mimi ni Modesta, bibi yake Yustina. Shule niliishia darasa la pili, maneno haya nimeyaandika polepole kwa mkono wangu. Herufi naweza kukosea. Majina ya watu sikosei.

Yesu amenitoa kwenye wivu. Sio wivu wa wake wenza, hapana. Wivu wa bibi na bibi mwenzake!

Perpetua ni jirani yangu. Tumekua wote, tukaolewa msimu mmoja wa kuvuna ulezi. Mjukuu wake Gaudensi ni mwanasheria hapa Sumbawanga mjini. Akija kumsalimia bibi yake, gari linasimama mlangoni kwangu, maana njia ya kwao ni mbovu. Mlangoni kwangu, ndugu zangu! Anashuka, ananipa shikamoo, anabeba mizigo anapeleka kwa jirani. Mimi nabaki naangalia alama za matairi.

Lakini na mimi nilikuwa na wangu. Yustina alisomea mambo ya dawa, akaajiriwa kwenye duka la dawa, anavaa koti jeupe. Perpetua akisema "Gaudensi wangu," nami nasema "Yustina wangu." Tukawa sawasawa, moyo ukatulia.

Siku moja Yustina akarudi na begi. Tajiri wake alimtaka afute tarehe kwenye dawa zilizokwisha muda ili ziuzwe. Akakataa, akavua koti. Akasema amepata kazi ya kufundisha michezo kwenye shule ya wasichana, awe na timu ya mpira wa miguu. Anasema huku anacheka!

"Bibi, sasa nalala usingizi."

"Usingizi unaliwa?" nikamjibu. "Mtu mzima unakimbizana na mpira kama mbuzi aliyekata kamba!"

Kwenye jumuiya nikadanganya, nikasema yuko likizo. Perpetua akacheka mbele ya watu. "Likizo gani hiyo ya filimbi? Kila asubuhi anatutimulia kuku!"

Nikarudi nyumbani naungua. Nikatafuta wa kumchukia, nikaziona njumu zake za bluu. Alizinunua kwa mshahara wake wa kwanza. Akitoka mazoezini anakaa barazani anazisugua kwa mswaki, taratibu, kama anaogesha mtoto. Miguu yangu imepasuka miaka yote, nani aliwahi kuipiga mswaki? Ndugu zangu, nilionea wivu hadi viatu!

Ilikuwa wakati wa kufukia majani. Sisi Wafipa tunalima ntumba: unakusanya majani, unayafunika udongo mpaka liwe tuta la mviringo, yanaozea humo yanakuwa mbolea. Mvua za msimu unaofuata unalifumua na kupanda. Nikaziweka njumu katikati ya majani, nikafunika, nikapanda maharage juu. Nikasema, zioze. Mkulima mimi, mvi kichwa kizima, sikuwaza kwamba mpira hauozi!

Yustina alizitafuta kila mahali. Nikamsaidia kutafuta! Niliinama hadi uvunguni. Timu ikateremka bondeni kucheza Mtowisa, naye akaingia uwanjani kuwapasha misuli wasichana wake, amevaa raba za kawaida, akateleza, mguu ukateguka. Alirudi ameshikwa huku na huku na wawili wao, Sekunda na Editha. Nikamkanda kwa maji ya moto. Akaniambia, "Asante, Bibi." Nikaongeza maji ya moto, nikaendelea kukanda.

Mvua za kwanza zikafika. Huku kwetu tunasaidiana kulima, leo kwangu, kesho kwako. Wakaja Perpetua, mzee Kaspari, Leonia na Tekla, na Yustina anachechemea kidogo. Tuta lile nililiwekea alama ya jiwe ili nilifumue mwenyewe, kumbe jiwe limeondolewa. Matuta yote yakawa yanafanana. Nikalima jasho la baridi linanitoka.

Jembe la Perpetua ndilo lililozitoa. Majani yameoza yote, njumu zipo, bluu vilevile!

Kitu cha mtu kikikutwa kimefukiwa shambani, kwetu haulizwi mtu mara mbili. Mzee Kaspari akaangusha jembe. "Kumbe mguu wa mtoto ulifungwa hapa!" Leonia akadakia, "Na nani alikuwa anachukia filimbi?" Wote wakamgeukia Perpetua. Mnajua bibi kizee akishaitwa mchawi anaishije. Hata moto wa kuwashia jiko haombi tena kwa jirani.

Perpetua akaniangalia mimi. "Modesta, sema. Wewe unanijua."

Ndugu zangu, nitasema kweli yote. Nilimwona Gaudensi akilini mwangu anashuka garini, na watu wanafunga milango asiwasalimie. Na ilikuwa tamu! Tamu kama asali. Hapo ndipo nilipojiogopa mwenyewe. Nikalia moyoni: Yesu, nifungue mdomo!

Ukafunguka. "Ni mimi. Nilizifukia mimi."

Mzee Kaspari akavua kofia, akaivaa tena. Perpetua akasema, "Umri wote huu, Modesta," akabeba jembe lake, akaondoka. Ugali wangu hakuuonja. Yustina alikuwa amekaa chini anakung'uta udongo kwenye viatu. "Ulinikanda mguu, Bibi. Na ulikuwa unajua." Nililia mpaka nikalowa, lakini lile jiwe la kifuani lilitoka siku ile!

Jumapili nikasimama jumuiya nzima inasikia, nikamsafisha Perpetua. Siku tatu nikapiga magoti mlangoni kwake, asinifungulie. Siku ya nne akanitolea kigoda.

Leo timu ikicheza naenda. Nawajua wote: Sekunda, Editha, Jenifa, Maua, Holo mtoto wa wafugaji, Restituta golikipa. Njumu ni zilezile. Perpetua hukaa pembeni yangu, anapaza sauti: "Yustina! Mchunge bibi yako asije akaupanda mpira!" Watu wanacheka, nami nacheka.

Wewe unayetabasamu na jirani huku umefukia kitu, usingoje jembe la mwingine. Mwite Yesu leo. Mimi amenisikia nikiwa na udongo mikononi!

Gari la Gaudensi bado linasimama mlangoni kwangu. Likisimama, moyo unashtuka hadi leo, siwafichi. Basi natoka, naitikia shikamoo yake, nabeba mfuko mmoja, tunaupeleka pamoja kwa bibi yake. Asante, Yesu! Na Perpetua, upo hapo benchi la pili, asante.