Bi Stumai Maganga, Aliyekataa Mama wa Kuazima

Marehemu Bi Stumai Maganga alizaliwa. Katika habari zote za mwanzo wa maisha yake, hiyo tu ndiyo kamati ya msiba imekubaliana bila kupigana kelele. Cheti kinasema alizaliwa tarehe 1 Julai 1962, siku ambayo Serikali huwazalia wote wasiojua walizaliwa lini. Mahali pameandikwa Kasanga, ingawa Kasanga alifika akiwa tayari anatembea, ameshika khanga ya mwanamke aliyeshuka naye kwenye boti kutoka ng'ambo, Kongo, mwezi Novemba 1964, watu walipokuwa wanakimbia vita.

Mwanamke huyo alishuka na homa, na homa haikumpa nafasi. Wenyeji wa bandarini walimuuliza anatoka wapi, kama ana ugonjwa wa kuambukiza, na kama kule ng'ambo dagaa bado wanapatikana. Jina hawakumuuliza. Alizikwa nyuma ya soko, na mvua za mwaka ule zikapita juu yake kwa namna ambayo leo hakuna anayeweza kuonyesha kaburi hata kwa kukisia. Mtoto alipoulizwa mama yake anaitwa nani, alijibu kama ambavyo mtoto yeyote wa miaka miwili angejibu: "Mama."

Mzee Maganga, mfanyabiashara wa samaki, na mkewe Bi Mwanaidi walimchukua, wakamwita Stumai, wakamlea kama wa kwao. Majirani walisema wamejitafutia mzigo. Mzigo huo ndio ulikuja kumwogesha Mzee Maganga alipopooza. Majirani waliosema walikuja kula ubwabwa wa arobaini.

Bi Stumai alisoma shule ya msingi hapo hapo Kasanga, akamaliza darasa la saba mwaka 1977, na hakuchaguliwa kuendelea. Jioni alisoma madrasa kwa Maalim Sudi, mtu mkali mwenye kiboko chenye heshima kuliko yeye mwenyewe. Siku moja Maalim alikuwa anasomesha utoto wa Mtume Muhammad, rehema na amani zimshukie: jinsi baba yake Abdallah alivyofariki kabla hajazaliwa, akanyonyeshwa na Bi Halima huko jangwani, akarudishwa kwa mama yake, na huyo naye akafariki njiani pale Abwaa mtoto akiwa na miaka sita, akalelewa na babu, na babu alipoondoka, na ami yake Abu Talib. Watoto wengine walikuwa wanasinzia. Stumai akanyoosha mkono.

"Maalim, huyo mama yake alijulikana jina?"

"Alaa! Bi Amina binti Wahbi. Dunia nzima inajua."

"Basi yeye afadhali."

Maalim Sudi akainua kiboko, akakitazama, akakirudisha chini. Akamtuma yule binti nyumbani kwa mkewe akapewe chai na muhogo, na tangu siku hiyo hakumpiga tena, hata alipostahili.

Mwaka 1985 aliolewa na Bwana Benjamini, mkulima wa mahindi na ulezi, Mkatoliki wa Ilemba. Kwa ajili yake Benjamini alisilimu, akapewa jina la Abubakari, ambalo, nje ya mzaha, halijawahi kutumiwa na mtu yeyote, yeye mwenyewe akiwemo. Dada yake Benjamini, Bi Cornelia, alisusia ndoa kwa msimamo wa imani, akala pilau yake akiwa amesimama nje ya uzio, sahani mbili. Baadaye mawifi hawa walipendana kiasi cha kuudhi waume. Bi Cornelia ndiye aliyesema msiba bila ratiba iliyochapwa ni mkutano wa kitongoji, na ndiyo maana Waislamu wa Majengo leo wameshika karatasi hizi wakishangaa.

Walihamia Sumbawanga, mtaa wa Majengo, na kuanzia mwaka 1988 Bi Stumai alifundisha watoto barazani kwake. Somo lake kubwa lilikuwa nasaba ya Mtume. Watoto waliipanda kama ngazi: Muhammad mwana wa Abdallah, mwana wa Abdulmutalib, mwana wa Hashim, mwana wa Abdimanafi, mwana wa Kusai, na kuendelea juu mpaka kwa Adnani. Wapita njia waliokuwa wanakwenda sokoni walijikuta wanaimba wasichokijua. Watoto wa Kifipa, waliozoea kurithishwa majina ya mababu, walimbana: mbona huyu hakupewa jina la babu yeyote? Naye alijibu kwa furaha, maana hapo ndipo alipopapenda, kwamba babu alimchagulia jina ambalo ukoo wake haukuwa nalo, ili asifiwe mbinguni na duniani.

Walipofika kwa Adnani alipiga benchi kofi.

"Mbele ya hapo?"

"Hatujui!" watoto walipiga kelele.

"Na anayesema anajua?"

"Anabuni!"

"Kabuni amsifu nani?"

"Kajisifu mwenyewe!"

Wako watu wazima mjini hapa wenye vyeo ambao elimu yao yote ya kusema "sijui" waliipata kwenye lile benchi, na wengi wameshaisahau.

Mwaka 2024 Bi Stumai aligundulika kuwa na saratani ya kizazi. Alipelekwa Mbeya, akarudishwa na dawa za maumivu na maneno ya upole, ambayo kila mgonjwa anajua maana yake. Hakulia. Alimwita mumewe akamwambia kinachomsumbua ni kimoja: mtu akishafukiwa, sheikh hukaa kichwani pa kaburi akasoma talakini, humwita marehemu kwa jina lake na jina la mama yake, akimkumbusha namna ya kujibu maswali ya malaika.

"Mimi nitaitwaje, Benjamini?"

"Wako masheikh wanasema hiyo talakini yenyewe haina msingi."

"Na wewe Abubakari umekuwa sheikh lini?"

Mwezi Machi 2025 Bwana Benjamini alikwenda Kasanga. Waliokuwa watu wazima mwaka ule wa boti wamekwisha, na waliobaki walimpa soga. Mmoja alisema yule mwanamke alikuwa Mbembe, mwingine akasema Mtabwa, wa tatu akasema hapakuwa na boti. Akapanda gari kurudi, na akiwa njiani, kwa mapenzi tu, akafanya kosa. Aliingia ndani akasema, "Nimepata. Aliitwa Kalista."

Kwa wiki kadhaa nyumba ile ilikuwa na sikukuu. Bi Stumai alikula. Alisuka nywele. Aliwafundisha wajukuu: Stumai binti Kalista. Alimwombea mama yake kwa sauti, jina likiingia kwenye kila sentensi kama mtu anayejaribu viatu vipya. Ndipo siku moja mchana Bi Cornelia akaja na uji wa ulezi, akasikia dua, akauliza bila ubaya wowote:

"Wifi, mbona unamwombea bibi yetu? Ulimfahamu wapi? Si alishakufa kabla hujaolewa?"

Bwana Benjamini alikuwa mlangoni. Hakukana. Alisema, "Nilitaka uwe na mtu."

Bi Stumai hakumtukana. Afadhali angemtukana. Alipiga ubao wa kitanda kofi, kidogo, kwa nguvu zilizobaki, na mume mtu mzima akajibu kwa kunong'ona: anabuni.

Watu walijaribu kumbembeleza. Bi Cornelia alimsihi alichukue tu hilo jina, ukoo wa Ilemba una mabibi wa kutosha. Sheikh alimweleza kwamba asiyejulikana mama huitwa mwana wa Hawa, na hakuna aibu. Bi Stumai alimjibu hivi: "Hawa ni mama wa kila mtu, sheikh. Mimi nilikuwa na wangu." Baada ya hapo hakulizungumza tena. Chakula kilirudi kikiwa nusu, kisha kikarudi kizima. Alifariki nyumbani Majengo tarehe 14 Januari 2026, baada ya swala ya alasiri, mumewe akiwa amemshika mkono ambao haukumshika.

Ameacha mume, Bwana Benjamini, ambaye anaomba asiulizwe chochote leo, watoto wawili, Jafari, na Salome ambaye jina lake lilipatikana baada ya mazungumzo marefu ya pande mbili, wajukuu watano, wifi, Bi Cornelia, na wanafunzi wasiohesabika. Upande wa mama yake hapana wa kutajwa.

Kabla jeneza halijatoka, sheikh atauliza mlangoni: binti wa nani? Familia imekubaliana kujibu kwamba haijui. Tunamwomba kila mwenye huruma, hasa wa Ilemba, azuie ulimi wake. Kule makaburini ataitwa Stumai binti Hawa, kwa sababu hatukupata zaidi.

Jina analo Mwenyezi Mungu. Sisi hatuna. Alale Bi Stumai, na udongo usimlemee.