Lugha ya Rada

Teksi ya Koboko haijapita hata Ombaci, nje kidogo ya mji, tayari kijicho kilishamkaba Afedra, mwandishi wa programu za maduka ya Arua. Dada mmoja aliyekaa kando yake alikuwa akimsifu kaka yake: “Okuonzi iko ng’ambo, naandika programu ya rada ya jeshi. Lugha yake ya kompyuta naitwa Ada.”

“Hiyo ya wazee!” Afedra akadakia. “Mimi naandika na mpya. Hiyo yake, kufundisha mutu moja tu, bei iko juu!” Mlipaji ni jeshi, lakini aliyeumia ni yeye.

“Bei iko, bwana. Lakini ukikosea, hiyo lugha nakataa kosa kabla ndege naruka. Yako je?”

“Yangu nakubali yote,” Afedra akanung’unika, “mpaka mteja nalia.”

Koboko, teksi ikasimama, dada akashuka. Afedra akatoa kichwa dirishani: “Dada! Hiyo jeshi bado natafuta mutu?”