Bi Mardhiya Anaaga Kaunta, na Vidonge Tulivyovionea Haya

Ijumaa hii, tarehe 27 Juni, Bi Mardhiya Hafidh anastaafu baada ya miaka thelathini na mmoja katika duka letu la dawa, Thamesmead. Alianza kwa kupanga shampuu, akasoma jioni mpaka akawa mfamasia msaidizi. Chai yake ina iliki kupita kiasi, na hakuna aliyewahi kuthubutu kumwambia.

Wengi watamkumbuka kwa amitriptilini. Ni dawa ya sonona, lakini kwa dozi ndogo madaktari huiandika pia kwa kipandauso, na kwa miguu inayowaka moto kwa sababu ya kisukari. Hakukosekana mzee wa kuirudisha kwa hasira, kwamba mwanawe ameisoma kwenye simu na yeye si mwendawazimu. Bi Mardhiya alimkalisha, akamweleza taratibu, akamtania kwamba wazimu ni kuugulia maumivu na dawa unayo mfukoni. Mzee aliondoka nayo.

Nyumbani kwake mwenyewe hakusikilizwa. Mumewe, marehemu Bwana Abdulwakil, dereva wa basi, alipewa vidonge hivyohivyo kwa ajili ya miguu, na vikamsaidia. Kisha ikaja posa ya binti yao, Afra. Watu wetu wakija kuposa huulizia ukoo, na wazimu ndio wanaouogopa zaidi. Bwana Abdulwakil akahofia wakwe wangeviona, akavimwaga chooni. Maumivu yakarudi. Mkewe alimsihi mpaka akachoka. Jibu lilikuwa moja, mtoto aolewe kwanza. Alimwozesha akiwa kitini, hawezi kusimama, na mwezi uliofuata moyo wake ulisimama, akafariki. Inatuuma mpaka leo.

Kwenye hitima, mama yake bwana harusi alimvuta Bi Mardhiya jikoni. Akamwambia huku analia kwamba yeye humeza amitriptilini kwa kipandauso miaka mingi, na huifuata mpaka Stratford ili sisi tusimjue. Siku ya posa alikuwa nayo mkobani.

Mama huyo ndiye aliyetuomba tuyaandike haya. Sasa anachukua dawa yake hapahapa, na huitaja kwa sauti foleni nzima ikisikia.

Ahsante, Bi Mardhiya, kwa wote uliowashawishi. Mungu akujaalie mapumziko mepesi, na yule mmoja aliyekushinda amlaze pema.

Nazneen, kwa niaba ya wenzako wa kaunta