Shahidi wa Mwanne

Kijiwe cha barazani kwa fundi Abasi, cherehani nambari moja Tabora mjini, kilikuwa na benchi la mninga lenye mguu mmoja mfupi, na sheria moja tu: kila mtu akae pale alipozoea. Siku hizo redio ilihubiri Azimio la Arusha asubuhi na jioni, na watu wa kijiweni wakalichambua kwa kahawa ya Mabruki mpaka likabaki mifupa. Lakini alasiri ile hakuna aliyetaja siasa. Katikati ya benchi palikuwa na chupa kubwa ya peremende, kifuniko kimetobolewa kwa msumari, na ndani yake mjusi kafiri, yule mweupe wa kutambaa darini, kalala juu ya kigodoro cha kitenge alichoshonewa na Abasi mwenyewe.

Abasi roho ilikuwa juu. Mkewe, Mwanne, alikwenda Igunga kumuuguza mama yake, akaacha agizo moja: "Nyumba hata ikiungua, shahidi wangu nimkute mzima." Maana mjusi yule aliishi nyuma ya saa ya ukutani, na mke na mume wakibishana, mjusi akilia ti-ti-ti, Mwanne hupiga makofi: "Umesikia? Shahidi kasema!" Tangu mjusi ahamie, Abasi hajawahi kushinda kesi nyumbani kwake. Sasa juzi Humaidi mwenye duka, aliyeitwa Kadhi kwa kupenda kutoa hukumu, alimwona mjusi mlangoni, akavua kubazi ampige apate thawabu. Abasi akamuwahi, akamtia mjusi chupani kumwokoa. Toka hapo mjusi hali, wala halii.

— Uji wa ulezi kakataa, — Abasi akalalamika. — Tende kakataa. Asali safi ya Ipole, hata kuilamba! Mwenzenu sijawahi kufuga hata kuku. Niambieni, huyu analishwaje?

— Asali umpe kafiri? — Kadhi akaruka. — Hawa ndio waliopuliza moto wa Nabii Ibrahimu uzidi kuwaka! Mimi nilitaka kukusaidia, ukanizuia.

— Moto gani, Kadhi? Huyu kakulia nyuma ya saa yangu!

Anselm, mstaafu wa reli, akasogeza kikombe. Yeye walimwita Injini, kwa sababu akianza kusema hana breki.

— Ninyi mjusi hamumjui. Mtazameni macho. Huyu kaja na treni kutoka Dar. Mjusi wa Dar hali mpaka awashiwe taa ya umeme.

— We Injini, masihara hayo!

— Nimewaona stesheni kwa macho yangu! Taa ikiwaka tu, wanajipanga ukutani kama abiria wa daraja la tatu.

Mabruki, mwenye birika, hakuwa na jina la utani, kwani yeye ndiye aliyewapachika wenzake. Akagonganisha vikombe, kacha-kacha, apate kusikilizwa.

— Mnachelewa bure. Huyu kagoma. Kasikia redioni kila mtu ale kwa jasho lake, akaona haya. Siku zote anakaa dari la watu, kodi halipi, shamba halimi. Mpeni jembe.

— Jembe! — Abasi akashika kichwa.

— Dogo, la kijiti. Halafu mpelekeni Kwihara akalime na wenzake kijijini.

— Hamtaki kusema kweli, — Kadhi akashusha sauti, akaangalia huku na huku. — Huyo ni mnyonyaji wa siri. Mbu anakunyonya wewe, Fundi. Mjusi anamla mbu. Basi damu iliyomo humo chupani ni damu yako. Huyo ni nduguyo kabisa!

— Alaa! Kwa hiyo juzi ulitaka kumuua ndugu yangu?

Kadhi akainamia kikombe kisicho na kitu, akakinywa hivyo hivyo. Benchi zima likaangua kicheko, mguu mfupi ukagonga sakafu. Abasi hakucheka.

— Chekeni tu. Ninyi mkirudi makwenu mnagombezwa. Mimi jana nimesema kwa sauti kubwa, nyumbani kwangu, kwamba paa hili mwaka huu halivuji. Hakuna aliyenipinga! Wallahi nimeona uchungu.

Mara lori la pamba likasimama mtaani, akateremka mwanamke mwenye kikapu, vumbi mpaka kwenye kope. Abasi akairushia chupa shuka aliyokuwa akiipinda.

— Shikamoo, mama, — Mabruki akawahi.

— Marahaba, hamjambo?

— Karibu, mke wangu, — Abasi akasema. — Mama anaendeleaje?

— Hajambo, anakula sasa, anakusalimu. Na hiyo shuka imevimba nini?

Akaifunua. Akamtazama mjusi, akakitazama kigodoro, akamtazama mumewe.

— Shahidi wangu kafungwa kwa kosa gani?

— Si kufungwa, nimemhifadhi! Ila hali, mke wangu. Uji hataki, tende hataki, asali hataki...

— Na kabla hujamtia humo, nani alikuwa akimpikia?

Abasi akamgeukia Kadhi. Kadhi akamgeukia Injini. Injini, kwa mara ya kwanza tangu astaafu, akapata breki. Mabruki akainamisha birika amimine, yakatoka machicha.

Mwanne akafungua kifuniko, akaegemeza chupa ukutani. Mjusi akatoka, akapanda, akasimama. Mbu mmoja akapita. Hakufika mbali. Kisha mjusi akapenya juu ya mlango, na Mwanne akamfuata ndani na kikapu chake. Barazani kila mtu akategea sikio.

— Bwana Abasi! — ikasikika kutoka ndani. — Hili paa hujaliziba! Nakwambia litatuvujia!

Halafu nyuma ya saa: ti-ti-ti.

— Umesikia?

— Nimesikia, mke wangu! — Abasi akaitikia, meno yote nje, akakimbilia ndani akashindwe vizuri.